Mzazi Hapigwi Upepo

Siku mliyoniaga nikistaafu urubani mlinipa saa ya ukutani na sahani ya pilau, kisha mmoja wenu akaniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa. Aliuliza kwa nini kila nikiingia ndani ya ndege, hata hizi mpya zenye viyoyozi, kitu cha kwanza ni kuinua kiganja na kukipitisha mbele ya matundu ya hewa, kabla sijagusa swichi yoyote. Wengine mlicheka, mkidhani ni dua. Si dua, ingawa ziko siku ambazo nililichanganya jambo hilo na dua. Sasa nina nafasi na mdomo ni mtupu, kwa hiyo nawajibu kwa maandishi.

Jibu linaanzia Bagamoyo, miaka ya themanini, ndani ya ndege moja ndogo iliyokuwa imenizidi umri. Ilikuwa na viti viwili mbele na viwili nyuma, mabawa juu, kigurudumu mkiani, na mwili wa mabomba membamba uliovikwa kitambaa kilichopakwa rangi. Watu wa mjini waliiita Kongwe, nasi tukasahau jina lake la kiwandani. Kazi yake ilikuwa kupeleka dawa, barua na mafundi kwenye viwanja vya nyasi vya Saadani, Mkwaja na Pangani, na kurudi na wagonjwa pale masika yanapokata barabara.

Fundi wake alikuwa Mzee Kombo, mwenyeji wa mji mkongwe wa Bagamoyo, mtu mfupi aliyevaa kofia yake iliyodariziwa kwa mkono hata akiwa amelala chini ya injini. Baba yake alikuwa akishona magodoro. Mzee Kombo alikuwa akisema ufundi wa magodoro na wa ndege ni mmoja, ila godoro likishonwa vibaya mtu huanguka karibu.

Siku yangu ya kwanza nilifika na shati jeupe lililopigwa pasi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye rubani mpya? Mjukuu wa watu wa misheni?"

"Ndiye mimi. Damasi."

"Wamekufundisha kurusha ndege?"

"Wamenifundisha."

"Na kukaa?"

Sikuelewa. Akafungua mlango wa Kongwe, akaniambia niingie na nisiguse kitu, kisha akaufunga na kwenda zake kunywa kahawa. Ilikuwa mchana, na ndege ilikuwa imesimama juani tangu asubuhi. Kibati cha mkanda kiliniunguza paja. Vioo vilileta jua mapajani kama mtu aliyepewa kazi hiyo. Nilinusa mafuta, mpira wa zamani, na harufu ya dagaa ambao sikujua walisafiri lini. Mzee Kombo aliporudi nilikuwa nimelowa kama niliyetoka kuoga na nguo.

"Umejifunza nini?"

"Kwamba humu mna joto."

"Hilo hata mbuzi analijua. Umelowa wapi zaidi?"

Nikamwambia mgongoni na nyuma ya mapaja. Akatikisa kichwa, ameridhika kidogo. Akanieleza kwamba rubani aliyelowa mgongo hujisogezasogeza kitini, na anayejisogeza huuvuta usukani bila kukusudia. Kwa hiyo, alisema, kiti ni sehemu ya usukani, na anayekidharau asishangae ndege ikienda isikotumwa.

Wiki ile tulishughulika na kiti. Kongwe ilikuwa na mito ya sufi, laini sana ukiikalia dukani. Lakini sufi hushikana. Baada ya safari ya Pangani nyonga zilikuwa zimeshafika kwenye mbao, na joto lilikuwa limejifungia ndani. Mzee Kombo akaipasua, akaitoa sufi yote, akajaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yale ambayo hewa hupita katikati yake. Juu yake akatandika kipande cha mkeka wa ukindu alichosukiwa na mkewe kwa kipimo cha kiti. Mkeka ule uliacha alama za mistari kwenye suruali yangu, na wenzangu mjini wakanitania kwamba nalala kazini. Lakini tangu hapo mgongo ulikuwa mkavu, na Kongwe ikaenda moja kwa moja.

Baada ya kiti tukahamia kwenye hewa. Mbele kulikuwa na matundu mawili, moja juu ya bega la rubani na jingine juu ya bega la abiria wa pembeni yake. Nyuma kulikuwa na mengine mawili, usawa wa vichwa. Kila tundu lilikuwa mdomo wa bomba lililoanzia kwenye bawa, na mdomo huo uliweza kuzungushwa au kufungwa. Mzee Kombo alikata vipande vya uzi mwekundu wa sufi ya kondoo, akafunga kimoja kwenye kila tundu, na kimoja zaidi chini sakafuni, karibu na pedali za miguu, pale ukuta wa injini ulipokutana na miguu yangu. Kisha akapanda nami.

Tulipokuwa juu ya Kaole akaniambia, "Tazama nyuzi." Za matunduni zilikuwa zinacheza kuelekea kwetu. Ule wa sakafuni ulikuwa umelala kuelekea injini.

"Sasa funga matundu yote, fungua dirisha lako."

Nikafanya hivyo. Dirisha lilipiga kelele, nikahisi upepo ukinipapasa sikio, nikadhani tumepata hewa nzuri zaidi kuliko mwanzo. Mzee Kombo akaelekeza kidole chini. Uzi wa sakafuni ulikuwa umegeuka, umesimama wima na kututazama sisi.

"Umeona? Umefungua mlango wa kutokea, hukufungua wa kuingilia. Nyumba inavuta pumzi kutoka jikoni."

Jikoni ni injini. Moshi wa injini una sumu ambayo peke yake haina harufu wala rangi. Inampa mtu usingizi, na usingizi huo si wa kuamkia. Bahati ya rubani ni kwamba sumu hiyo husafiri pamoja na harufu ya kuungua. "Pua ndiyo saa yako ya kwanza," Mzee Kombo aliniambia. "Hizo za vioo zinazopima injini ni mashahidi tu."

Nilikaa na maneno hayo miaka kadhaa bila kuyahitaji. Nilijifunza mengine madogo. Nyigu wa udongo hupenda bomba la hewa kuliko nyumba yoyote Bagamoyo, na ndege ikilala siku chache utawakuta wameshajenga; tukawa tunaziba midomo ya nje kwa soksi kuukuu, na ole wako ukiruka nazo. Mvua ya masika ikiingia kwa tundu la bega hushuka hadi mfukoni na kulowesha kitambulisho. Abiria aliyebeba ng'onda, samaki wa kukaushwa wenye harufu kali, akae nyuma, na tundu lake liwe wazi kabisa. Ofisa aliyevaa tai atakataa kuilegeza mpaka mtakapovuka Mbegani. Baada ya hapo atailegeza mwenyewe, na wewe jifanye hukuona.

Sasa nifike kwa Bi Tatu.

Masika moja, barabara ya kaskazini ikiwa imekatika na Mto Wami umefurika, tuliitwa kwa redio kutoka zahanati ya Mkwaja. Mwanamke aitwaye Mwanaidi alikuwa amejifungua jana yake. Muuguzi alisema kipande cha kondo la nyuma kimebaki tumboni, homa imepanda, damu haikatiki, na yeye hana vifaa. Akisubiri barabara atakufa. Niliondoka peke yangu, ili viti vya nyuma viwe vya mgonjwa na msindikizaji.

Nilipotua niliwakuta pembeni ya kiwanja. Mwanaidi alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba, amefunikwa kanga juu ya kanga, na mtoto kifuani pake. Kichwani pake alisimama mama yake, Bi Tatu, mwembamba, mwenye baibui lililofifia, mkononi ameshika chetezo kinachofuka udi. Alikuwa akimfukiza mzazi na mtoto kwa zamu, moshi ukiingia ndani ya zile kanga na kubaki humo. Kisha akaanza kutembea na chetezo kuelekea mlango wa ndege.

"Bibi, samahani. Moto hauingii humu ndani."

Akanitazama, akaitazama Kongwe. "Na huko mbele, injini yako inawaka kwa maji?"

Muuguzi akacheka, nami nikacheka. Bi Tatu hakucheka. Alikizima chetezo kwa mchanga, akakikabidhi kwa jirani, akaja karibu yangu na kusema kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, sikiliza. Nilikuwa na mabinti wawili. Wa kwanza, Zuhura, alizaa salama, homa ikamshika, nikampakia nyuma ya lori twende naye Pangani. Upepo ukampiga njia nzima, hapakuwa na hata turubai. Hakufika. Amebaki huyu. Mzazi hapigwi upepo. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Nimekulia Bagamoyo, najua mzazi na mtoto hukaa ndani siku arobaini, mlango umerudishwa na dirisha lina pazia. Kwetu misheni walituambia hewa safi ni dawa, lakini shangazi zangu wote, wenye rozari shingoni, waliziba madirisha vilevile. Nikamwambia nitauzuia upepo kadiri niwezavyo.

Tulimlaza Mwanaidi nyuma akiegemea ukuta, kichwa juu ya mto wa makumbi, na mama yake pembeni akiwa amempakata mtoto. Nilipogeuka kuwatazama kabla ya kuruka, matundu mawili ya nyuma yalikuwa yameshazibwa kwa vipande vya kanga vilivyosokotwa kama kizibo cha mtungi. Niliyaacha. Ya mbele yalitosha watu wanne, siku zote yalikuwa yametosha.

Bi Tatu alikuwa msemaji. Tangu magurudumu yaachane na nyasi alisema nasi wote. Alisema Kongwe inanguruma kama mashine ya kusaga yenye jiwe moja. Alisema mkwewe amekwenda kuvua kamba na atarudi kukuta nyumba tupu, na hilo litamfundisha. Alimwambia mtoto, ambaye hakuwa na jina bado na kwa hiyo aliitwa Mgeni, kwamba watu wengine hupanda ndege wakiwa na mvi na yeye amepanda hata kitovu hakijadondoka. Mwanaidi alitabasamu akiwa amefumba macho. Muda mfupi baadaye mtoto akapiga chafya.

"Mwanangu, upepo wako huo unakuja huku."

Nikauzungusha mdomo wa tundu langu ulenge kifua changu, nikaufunga nusu. Tulikuwa juu ya mikoko, hewa imetulia, na ndege nzima inanukia udi kama chumba cha harusi. Nakumbuka niliona raha. Niliona kila kitu kiko sawa, kupita kiasi.

Kisha nikaona mashamba ya chumvi ya Saadani, yale mabwawa meupe yenye pembe, nikajiuliza kama nilikuwa nimeshayapita. Swali hilo lilinishangaza. Ni kama mtu kusimama mlangoni kwake akauliza kwake ni wapi. Ndipo nikahisi kichwa kikigonga pande zote mbili, na uso una joto ambalo halikuwa la jua. Nikanusa. Udi tu.

Nikatazama nyuzi. Ule wa bega langu ulikuwa ukitikisika kivivu. Ule wa upande wa abiria haukutikisika kabisa, na juu yake niliona pindo la kanga: Bi Tatu alikuwa amenyoosha mkono kutoka nyuma akaliziba na hilo, bila neno. Nikatazama sakafuni. Uzi wa pedali ulikuwa umesimama, unanitazama.

Jambo la mwisho nililoligundua ndilo lililonitisha zaidi. Nyuma palikuwa kimya.

"Bibi!"

Hakujibu.

"Bi Tatu!"

"Nipo," akasema, kwa sauti ya mtu aliye ndani ya chandarua.

"Mtoto analia?"

"Amelala. Tumelala sote. Ndege yako ina usingizi mtamu."

Mkono wangu ulikwenda kwenye dirisha, maana ndivyo mwili unavyotaka. Nikalisikia lile karipio la Mzee Kombo kuhusu jikoni, nikaurudisha mkono. Nililifungua tundu langu lote, nikachomoa kanga kwenye lile la abiria. Upepo ukaingia kwa kishindo. Papo hapo mkono mkavu wenye hina ukapita juu ya bega la kiti na kuuziba mdomo wa tundu kwa kiganja.

"Unafanya nini? Nilikwambia nini pale Mkwaja?"

"Bibi, humu mna moshi wa injini."

"Sisikii moshi. Nasikia udi."

"Ndiyo maana. Udi umeuficha."

"Udi wangu? Udi ndio unaofukuza mabaya!"

"Kichwa kinakuuma?"

Kiganja hakikuondoka. "Tangu kule kwenye mikoko," akasema.

"Na changu. Mwamshe Mgeni, Bibi. Tafadhali."

Nilimsikia akimwita mtoto, kwanza kwa upole, kisha kwa kumtikisa, kisha kwa jina la Mwenyezi Mungu. Jibu lililokuja halikuwa kilio. Ilikuwa sauti nyembamba, kama ya mlango wa kabati. Mwanaidi hakuitika alipoitwa.

"Zuhura alikwenda hivihivi," Bi Tatu akasema. Sauti yake ilikuwa imeamka yote. "Hivihivi, mwanangu. Ukiuleta upepo nitampoteza na huyu."

Sikujua Zuhura alikufa kwa nini, na hapakuwa mahali pa kubishana na mama juu ya mwanawe. Nilikuwa nikishusha ndege taratibu kuelekea Bagamoyo, kwa sababu Dar es Salaam, tulikokuwa tumepanga kwenda, ilikuwa mbali mno kwa vichwa vyetu. Sikuweza kufika nyuma. Matundu yale mawili yalikuwa mikononi mwake na si mwangu.

"Bibi," nikamwambia, "sikuombi umpige mzazi upepo. Naomba upepo uingie ndani ya ndege. Usimguse Mwanaidi, hilo nakuachia wewe."

Kisha kiganja kikatoka. Nikasikia kanga ikichomolewa, moja, halafu nyingine, na baridi ikanipiga kisogoni. Nikageuka mara moja tu. Bi Tatu alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameyapa matundu mgongo, amezikunjua kanga zote na kuzitandaza kwa mikono miwili juu ya binti na mjukuu kama kuku anayeatamia. Baibui lilikuwa likimpigapiga mabegani. Upepo wote wa nyuma ulimwishia yeye.

"Haya, lete upepo wako!" akapaza sauti.

"Acha uwazi chini, Bibi, hewa iwafikie kutoka miguuni!"

"Nimefunika watoto kabla hujazaliwa. Wewe tazama njia!"

Nikatazama njia. Uzi wa sakafuni ukayumba, ukasitasita, ukalala kuelekea injini. Wami ilipita chini, pana na ya rangi ya chai ya maziwa. Kabla hatujafika Ruvu, chini ya zile kanga Mgeni alilia. Kilikuwa kilio cha kudai, cha mtu aliyeonewa na anayejua haki zake. Ndani ya Kongwe mlikuwa na saa nyingi za kupima hali ya injini. Hakuna iliyowahi kunipa habari njema kama ile. Kisha nikasikia Mwanaidi akisema, kwa sauti ya kukereka, "Mama, unaniumiza mguu."

"Nyamaza," Bi Tatu akamjibu. Nilijua analia.

Gari la hospitali, nililoliita kwa redio, lilikuwa likitusubiri uwanjani Bagamoyo. Madaktari walimwondolea Mwanaidi kile kipande siku ileile, wakamwongezea damu, na akapona. Bi Tatu alitapika kwenye nyasi, akajifuta, akasema ni ndege yangu, si umri wake.

Mzee Kombo aliifungua injini jioni ile. Kongwe ilikuwa imetoka kiwandani na hita, sanduku la bati lililozunguka bomba la moshi ili kuleta joto kwa miguu ya rubani wa nchi za baridi. Sisi hatukuwahi kuiwasha; mpini wake tuliufunga kwa waya. Lakini ndani ya sanduku, mahali pasipoonekana mpaka ulitoe lote, bomba lilikuwa limeatuka ufa mwembamba kama unywele. Matundu yakiwa wazi, hewa ya ndani iliusukuma moshi utoke. Yalipozibwa, jikoni pakavuta.

"Nani alituletea jiko Bagamoyo?" Mzee Kombo akauliza, na hakumuuliza mtu. Akalitoa sanduku zima, akaziba tundu lake ukutani kwa bati na misumari ya kubana. Miguu yangu haijawahi kulikumbuka.

Nilitaraji amlaumu Bi Tatu. Hakumlaumu. Aliniambia, "Yule mama ana mzazi, na mzazi anahitaji stara. Ametafuta pa kuiweka humu ndani hakupaona. Basi kosa ni la nyumba."

Bi Tatu mwenyewe alikuja kwenye banda la ndege siku chache baadaye, Mwanaidi akiwa bado hospitalini. Alisimama mlangoni.

"Fundi wa hii mashine ya kusaga ni nani?"

"Ni mimi, Bibi. Karibu."

"Karibu wapi? Humu mnapofukiza watu kwa petroli?"

"Afadhali sisi. Wewe ulifukiza udi mpaka rubani akasahau Saadani iko wapi."

"Aliisahau kwa sababu ya udi? Kichwa chake kilikuwa kizito tangu mwanzo, niliona."

Walitaniana hivyo, mimi nikiwa katikati kama mzigo usio na mwenyewe. Lakini walipomaliza, kazi ilikuwa imepangwa. Mabomba ya nyuma Mzee Kombo aliyateremsha hadi chini, midomo yake ikatoka usawa wa vifundo vya miguu, ikielekea mbele. Juu, dari ikapata ufito mwembamba wa kupitishia kanga, ili mzazi akae nyuma ya pazia na upepo upite chini yake. Bi Tatu ndiye aliyeonyesha pazia lifike wapi: alikaa kitini, akafumba macho, akasema, "Hapa nausikia. Shusha. Hapa nausikia. Shusha. Hapa siusikii." Kuhusu udi walikubaliana kwamba usifukizwe kabla ya safari, bali chetezo kimsubiri mzazi anakokwenda. Mzee Kombo alimwambia itakuwa makaribisho. Bi Tatu akasema makaribisho ni pilau, lakini atavumilia.

Tulibeba wazazi wengi nyuma ya pazia lile, wa Pangani na wa Mkwaja, na hakuna bibi aliyeziba tundu tena, kwa sababu hakuna aliyeona haja. Mzee Kombo alipoacha kazi alinipa kibonge cha uzi mwekundu kilichobaki, amekizungushia gazeti. Hakusema neno la hekima. Alisema, "Usikiache karibu na paka."

Safari ya mwisho ninayotaka mjue ilikuwa mwaka ambao Kongwe yenyewe ilikaribia kustaafu. Nilitumwa tena Mkwaja kumchukua mgonjwa wa moyo. Alikuwa Bi Tatu, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, pumzi fupi, Mwanaidi akimshika mkono. Mgeni, ambaye sasa alikuwa na jina na meno yote, alibaki kiwanjani akipunga mkono.

Tulimkalisha nyuma. Kwa mazoea nikavuta kanga kwenye ufito na kumsitiri.

"Ondoa," akasema.

"Bibi?"

"Ondoa pazia. Mimi si mzazi tena. Upepo sasa nautaka."

Nikaliondoa. Nikaifungua midomo yote, ya mbele na ya nyuma, nikamgeuzia na langu. Tulipopaa nyuzi zote zilicheza. Niligeuka nikamwona ameinama mbele, ameweka kiganja juu ya mdomo wa bomba, si kuuziba, bali kuupokea, vidole vimeachana.

Kisha akaanza. Alisema Kongwe inanguruma vilevile, na kwamba jiwe halijabadilishwa. Alisema mkwewe bado anavua kamba na bado hajajifunza. Alinisema mimi, kwamba nimenenepa na kiti changu cha makumbi kinanung'unika, na kwamba kichwa changu kwa vile si kizito siku hizi pengine naikumbuka Saadani. Mwanaidi alimsihi apumzike, ahifadhi pumzi.

"Mwache, dada," nikamwambia. "Mwache aseme."

Alisema mpaka Wami, akasema mpaka Ruvu, akasema tulipopita juu ya paa za Bagamoyo, akasema mpaka magurudumu yalipogusa ardhi Dar es Salaam, na njia nzima nilijua hewa ni safi.

Basi ndilo jibu langu, vijana. Nikipitisha kiganja kwenye tundu, mnaona mkono tu. Wakati huo huwa pia nimetega sikio, nasikiliza kama nyuma wanazungumza.